Kuunganisha Bila Kuficha Mpasuko: Mhadhara Juu ya Picha za Zamani na Vitu vya Familia Mwambaoni Uvira



Nimeombwa nizungumze juu ya kolaji, sanaa ya kukata, kupanga na kubandika vipande mbalimbali mpaka vizae picha moja mpya. Nitashughulika na kolaji ya namna moja tu, ile inayotengenezwa kwa picha za zamani na vitu vya familia: cheti cha ubatizo, kadi ya kazi, barua, noti za zaire zisizonunua kitu tena, kipande cha kitenge alichokivaa mama siku ya harusi.

Hoja yangu naisema mapema, ili kila mtu aipime ninapoendelea. Familia nyingi za mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, na kusini kupitia Makobola hadi Baraka na Fizi, hazina tena albamu kamili. Vita, ukimbizi na maji vimeyabeba mengi. Kwa familia za namna hiyo kolaji ndiyo albamu ya kweli, kwa sababu inaunganisha kilichobaki bila kuficha kilichopotea. Lakini ukweli huo una masharti, na masharti hayo nitayaeleza bila haraka.

Tuanze na asili ya sanaa yenyewe. Vitabu vya historia ya sanaa hutupeleka Paris mwaka 1912, Pablo Picasso na Georges Braque walipobandika vipande vya karatasi na vitu vya kawaida juu ya michoro yao. Kisha hutupeleka Berlin, ambako baada ya Vita Kuu ya Kwanza Hannah Höch alikata picha za magazeti na kuzipanga upya. Hiyo ni historia ya kweli, ila waliotumia mkasi na gundi kwa sababu zao wenyewe wapo pia katika nchi zinazozungumza Kiswahili.

Kisiwani Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Katika studio yake alikata sura za wateja, akazipachika ndani ya maua na maumbo mengine, akazipiga picha upya. Wateja wake walikuwa watu wa mji ule ule, wakitaka kuonekana kwa namna ambayo kamera peke yake haikuweza kuwaonyesha. Kwao picha iliyokatwa na kubandikwa ilikuwa heshima na mapambo.

Gulu, kaskazini mwa Uganda, mkasi ulifanya kazi nyingine. Katika studio iitwayo Gulu Real Art Studio, mteja aliyehitaji picha moja ya kitambulisho alipigwa picha kubwa, kisha uso wake ukakatwa kwa umbo la mstatili na akapewa. Mwili uliosalia, na mikono, na gauni, na suti ya kuazima, ulibaki studioni ukiwa na tundu mahali pa uso. Mpiga picha Mtaliano Martina Bacigalupo, ambaye wakati huo aliishi Burundi, jirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruzizi, alizikusanya picha hizo, zikatolewa katika kitabu mwaka 2013. Ukizitazama unaelewa jambo zito: uso ulikwenda kwenye ofisi za serikali na mashirika, na mtu mzima akatupwa. Familia zetu nazo mara nyingi zimebaki na uso tu, ule mdogo wa kitambulisho. Kazi ya mwenye kolaji ni kuutafutia uso huo mwili wake, nyumba yake na watu wake.

Mfano wa tatu unatoka katika nchi yetu wenyewe, Kongo. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, alichukua picha za kumbukumbu za kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, ambayo baada ya kutaifishwa ilikuja kuitwa Gécamines. Ndani ya picha hizo wamo wafanyakazi Waafrika waliopangwa kwa mstari, na wamo wakuu Wabelgiji. Akawakata kutoka mandhari yao ya zamani, akawasimamisha mbele ya picha alizopiga mwenyewe za mitambo iliyokufa. Watu wakabaki katika rangi nyeusi na nyeupe, na magofu yakabaki na rangi zake. Baloji hakujaribu kuwachanganya ili mtazamaji adhani walikuwa pale siku moja. Mahali alipokata panaonekana, na nguvu yote ya kazi ile imo katika kuonekana huko. Mwaka 2007 kazi hiyo ilipata tuzo Bamako, katika maonyesho makubwa ya upigaji picha wa Afrika. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha Lubumbashi jumuiya ya wasanii waliyoipa jina la Picha.

Katanga wana migodi yao, sisi tunayo Kiliba. Kiwanda cha sukari kilichoajiri watu wa bonde la Ruzizi kilisimama wakati wa vita vya 1996. Kabla ya hapo kiliacha karatasi katika nyumba za watu: kadi za kazi zenye namba, hati za mshahara, picha za baba aliyesimama kando ya trekta. Karatasi hizo ni historia ya uchumi wa bonde hili, na ziko chini ya magodoro na ndani ya masanduku ya bati. Kijana wa leo akipanga kadi ya koko yake, yaani babu au bibi yake, juu ya picha ya majengo ya Kiliba jinsi yalivyo sasa, atakuwa amesema jambo ambalo ripoti nyingi hazijalisema.

Sasa tujifunze kusoma tulichonacho, kwa maana huwezi kupanga usichokijua. Geuza picha. Mara nyingi mgongo wake unasema kuliko uso. Watu wa Uvira walivuka kwenda kupiga picha katika studio za mji wa jirani, na muhuri wa studio ukiandika Usumbura, ujue ni picha ya kabla ya uhuru wa Burundi wa mwaka 1962 au ya karibu na hapo, kwani baadaye mji huo uliitwa Bujumbura. Muhuri ukisema Albertville, picha ni ya kabla ya mwaka 1966, mji ule ulipopewa jina la Kalemie. Ukingo uliokatwa kama mawimbi madogo ni dalili ya karatasi iliyotumika sana hadi miaka ya 1960. Picha ya rangi ambayo imegeuka nyekundu kwa ujumla wake mara nyingi ni ya miaka ya 1970 au 1980, wakati rangi za karatasi zilipokuwa hazidumu. Kwa sababu hiyo picha nyeusi na nyeupe za babu zetu ziko katika hali nzuri kuliko picha za rangi za wazazi wetu.

Tazama pia mavazi. Baba aliyevaa abakosti, koti lisilovaliwa pamoja na tai, anatuambia yuko katika enzi ya Rais Mobutu. Tai ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1972, ikaruhusiwa tena Aprili 1990. Mwanamume mwenye tai katika picha ya ofisini basi alipigwa kabla au baada ya miaka hiyo. Na majina? Mwaka 1972 watu waliamriwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua majina ya kienyeji. Mtu mmoja ana cheti cha ubatizo chenye jina moja na kitambulisho cha Zaire chenye jina lingine, na wajukuu wanadhani ni ndugu wawili. Viweke vyote viwili pamoja katika kolaji, ubavu kwa ubavu. Hapo mtoto atajifunza historia ya taifa lake katika maisha ya mtu mmoja aliye wa damu yake.

Nimesema vita, ukimbizi na maji vimeyabeba mengi. Mei 1964 waasi wa enzi ya uasi wa Mulele walishika Uvira. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 ziwa nalo lilikuwa limepanda na kuingia majumbani. Oktoba 1996 vita vilifika mjini, na maelfu ya watu wa Uvira na Fizi wakavuka Tanganyika hadi Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huo, bado inawahifadhi wengi wao na watoto waliozaliwa huko. Mwaka 1998 vita vikarudi. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilishuka kutoka milima ya Mitumba, mto Mulongwe ukafurika, makumi ya watu wakafa na makumi ya maelfu wakakosa makazi. Tangu wakati huo ziwa limepanda tena na kumeza nyumba za kando ya maji. Katika kila tukio la namna hiyo mama hushika mtoto, sufuria na nguo. Albamu hubaki, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

Zipo hata hivyo sura zilizotunzwa. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kanisa Katoliki liliwatangaza kuwa wenye heri wafia dini wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964: Wamisionari Waksaveri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padre Albert Joubert, mwana wa mwambao huu wa Tanganyika. Miaka 60 baada ya kifo chao sura zao zilijulikana kwa umati uliokusanyika. Zilijulikana kwa sababu walikuwa na shirika na Kanisa linalotunza kumbukumbu za watu wake. Lakini mwaka ule ule wa 1964 waliuawa pia wakulima, wavuvi, karani wa tarafa, mama aliyekuwa njiani kwenda sokoni. Nani anazijua sura zao? Wengi hawakuwahi kupigwa picha hata mara moja. Hawa nao ni wetu, na sanaa tunayoizungumzia inapaswa kuwa na nafasi yao.

Hapa ndipo kolaji inapoizidi albamu. Albamu haijui la kufanya na mtu asiye na picha, inamruka tu. Kolaji inaweza kumpa nafasi. Acha pengo mahali pake kati ya ndugu zake, lenye ukubwa sawa na picha za wengine. Weka katika pengo hilo kitu chake, kama kipo: kipande cha leso, mwandiko wake kwenye daftari la madeni, uzi wa wavu wake. Kama hakuna kitu, weka jina lake tu juu ya karatasi tupu. Mvuvi wa Kalundu anayeshona wavu uliopasuka hasumbuki kwamba uzi mpya una rangi tofauti. Anachotaka ni wavu ushike samaki. Nasi tusione haya mishono yetu ikionekana.

Simu zetu zimetuletea kishawishi kipya. Ziko programu za akili unde zinazoweza kuijaza sehemu ya picha iliyoliwa na maji, zikatengeneza jicho na sikio na nusu ya tabasamu. Matokeo yake hupendeza macho. Ila jicho lile si la koko. Limetungwa kutokana na nyuso za watu wengine kabisa. Miaka ishirini ijayo wajukuu wataapa kwamba ndivyo alivyokuwa, na hakutakuwa na wa kuwasahihisha. Kusafisha doa kwenye nakala kunakubalika. Kumzulia marehemu uso ni kumzika mara ya pili, na nawasihi vijana waliache.

Tufike kwenye kazi ya mikono. Sharti la kwanza: usikate picha ya asili, kamwe. Ile karatasi ya zamani ni shahidi, na shahidi hakatwi. Ipige picha kwa simu kando ya dirisha asubuhi, pasipo jua la moja kwa moja, simu ikiwa sambamba na meza, au ipeleke ikaskaniwe. Piga uso na mgongo pia. Ukimtumia ndugu aliyeko Nyarugusu, Bujumbura au Marekani, itume kama faili, kwa maana ukiituma kama picha ya kawaida, programu za ujumbe huipunguza ubora. Kisha chapa nakala kwenye karatasi isiyong'aa, nakala hiyo ndiyo ya kukata. Fanya hivyo mapema zaidi kwa kadi za mpiga kura, ambazo kwetu zimetumika kwa miaka mingi kama kitambulisho. Maandishi yake hufutika upesi, na zipo zilizobaki plastiki tupu.

Sharti la pili: jina kwanza, mkasi baadaye. Keti na mzee wa familia akiwa na nguvu na utulivu, umwoneshe picha moja moja, umwache azungumze. Andika nani, wapi, lini, na nani aliyesimulia. Kwenye mgongo wa picha ya asili andika kwa penseli laini na bila kukandamiza, maana kalamu ya wino hupenya hadi upande wa pili. Ikiwa wazee wawili wanatofautiana, andika yote mawili. Kazi hii haiwezi kungoja. Kila mzee tunayemzika bila kumwonesha picha zake anaondoka na majina ya watu ambao hakuna mwingine anayewatambua.

Sharti la tatu ni la gundi na hali ya hewa. Tunaishi kando ya maji, na unyevu hukuza kuvu juu ya picha. Uji wa muhogo au wa unga wa ngano hushika vizuri, lakini mende na wadudu wadogo huupenda na watakula kazi yako usiku. Gundi nyeupe ya seremala inafaa kwa nakala, ikipakwa kidogo na kukandamizwa chini ya vitabu vizito hadi ikauke. Utepe wa plastiki usiutumie kabisa: hugeuka manjano na kuacha alama isiyotoka. Kazi ikikamilika iwekwe mbali na ukuta unaovuja na mbali na jua.

Na ikiwa mafuriko yamekwisha kufika? Picha zilizoloana zisiachwe zikauke zikiwa zimegandamana. Ziloweke katika maji safi ya baridi, ziache ziachane taratibu, kisha uzianike kivulini juu ya kitambaa safi, uso ukitazama juu, bila kuugusa uso huo kwa kidole. Fanya hivyo ndani ya saa 48, kabla kuvu haijaanza. Zilizokwisha kukauka na kushikana usizilazimishe. Zipige picha kama zilivyo, uzitunze. Picha iliyoharibiwa na Mulongwe ina haki ya kuingia katika kolaji ikiwa na doa lake la tope, maana doa hilo nalo ni tarehe.

Limebaki sharti zito kuliko yote. Mkasi unaweza kuunganisha, na mkasi unaweza kufuta. Picha za zamani za mji huu zinaonyesha harusi, timu za mpira, madarasa na kwaya ambamo Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi, Wanyamulenge na wengine wengi wamesimama bega kwa bega. Baadaye damu ilimwagika kati yetu, na zipo nyumba ambamo uso wa jirani wa zamani umekwanguliwa kwa wembe. Naelewa uchungu uliosukuma mkono ule. Hata hivyo nasema wazi: tusimkate jirani katika picha. Ukimwondoa, umeongopa juu ya siku ile, na mtoto wako ataamini kwamba hamkuwahi kula sahani moja. Ikiwa uso ulikwanguliwa zamani, uweke hivyo hivyo, na chini yake uandike jina. Ukwanguzi nao ni ushahidi wa tulikopita.

Na kabla ya kutundika kazi hadharani, omba ruhusa. Picha ya familia ina watu walio hai, na wengine wana sababu ya kutotaka kuonekana: mjane, binti aliyekimbia, kijana aliyewahi kubebeshwa bunduki. Ukiambiwa hapana, iwe hapana. Kolaji inaweza kubaki ndani ya nyumba na ikatimiza kazi yake yote.

Nimalize kwa maombi. Walimu, wapeni wanafunzi kazi hii badala ya insha moja ya historia: ukurasa mmoja wa kolaji ya familia, nakala tu, kila uso na jina lake, kila pengo na maelezo yake. Parokia, misikiti na makanisa mnaotunza vitabu vya ndoa na ubatizo, wafungulieni watu wanaotafuta majina ya wazee wao, na wekeni nakala za vitabu hivyo mbali na maji. Wenye studio na vibanda vya kuchapa picha, msichome nakala ambazo wateja hawakuzichukua, ziko familia zinazozitafuta. Ndugu mlio Kigoma, Bujumbura na Marekani, tumeni nakala nyumbani, nasi tutawatumia zetu, maana nusu ya harusi moja iko kwenu na nusu nyingine iko kwetu.

Na wewe uliyenisikiliza au unayenisoma, fungua lile sanduku wiki hii. Mkalishe mama au baba karibu na wewe, chukua penseli, na uanze na picha ambayo hujui aliyemo ni nani.